Saumu Mbichi na Kivinjari Chetu

Pangyo,
14 Septemba.

Kaka Gyu-won mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mi-rang na yule mtukutu wenu, na kwamba matufaha ya huko Cheongsong yameanza kushika rangi. Mimi sijambo, nakula, nalala, nanenepa. Mama naye hajambo, ila goti ndilo linamsumbua akipanda ngazi. Usishangae kuletewa bahasha zama hizi. Umenifungia kwenye simu, sasa ningefanyaje? Posta bado hujaweza kuifungia.

Kaka, kimetoka! Ngoja nivute pumzi kwanza. Kivinjari cha kampuni yetu kimetoka kwa ajili ya Linux, ule mfumo wa kompyuta mnaoung'ang'ania wewe na wenzako, jana saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu haya mawili, na kinafungua kurasa za benki bila kugoma! Nilipiga kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza kama kuna moto. Niliwaambia moto upo, tena mkubwa, na waende zao.

Unakumbuka ulichosema. Mimi sijasahau hata neno. Ilikuwa mwaka juzi, siku ya mwaka mpya, supu iko mezani inatoa moshi, nami nimetangaza kwa furaha zangu kwamba nimeajiriwa. Uliweka kijiko chini. Ulisema nimekwenda kuwatumikia watu walewale waliokufungia mlango, na kwamba wewe, unayewawekea hesabu wakulima wote wa huko, unalazimika kufuga kompyuta ya pili nyumbani, isiyo ya Linux, kwa ajili ya benki tu, kwa sababu wakubwa hao hawajui kama watu wa Linux nao ni watu. Ukaapa hutakula meza moja na mimi mpaka siku kampuni hiyo itakapowaletea kivinjari chake. Baba mdogo akacheka, akasema basi tuagane kabisa. Ukachukua koti lako. Tangu hapo kila sikukuu Mama anakupakulia bakuli, linapoa, analirudisha jikoni. Na mwezi ujao anatimiza miaka sitini. Sasa umeelewa kwa nini nilipiga kelele?

Haikuwa rahisi hata kidogo. Bwana Pyo, mkuu wa kitengo chetu, alikuwa akisema watu wa Linux ni wachache kuliko nywele za kichwani mwake, ila kelele zao zinajaza uwanja wa mpira. Nilimsumbua mwaka mzima. Mwisho akachoka na mimi, akanipa kazi hiyo pamoja na mwenzangu mmoja tu, Tak, mtu mpole asiyeweza kuua hata mbu, akatuonya kwamba tukiharibu anaifunga.

Tulipotoa toleo la majaribio, kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Linux akazuka mtu anayejiita Saumu Mbichi, kama kile kitunguu kikali. Jamani, mtu yule ana mdomo! Kila siku ya Mungu anatuandikia. Mara sisi ni vichwa vya figili. Mara kivinjari chetu kinajikokota kama bibi anayetoka sokoni na magunia ya kabichi. Mara aliyechora kile kitufe cha kurudi nyuma anyimwe chakula cha mchana, na aliyechora kitufe ni Tak, ambaye maskini siku hiyo kweli hakula. Lakini tukaja kugundua kwamba kila tusi lake lina ukweli ndani. Basi ikawa ndiyo kikao chetu cha asubuhi: tunasimama, tunasoma matusi kwa sauti, tunagawana ya kurekebisha. Hata Bwana Pyo akawa anachungulia na kikombe chake cha kahawa, anauliza Mzee Saumu ameamkaje leo.

Wiki iliyopita mambo yakaharibika. Kivinjari kikaanza kujifunga chenyewe kila kikifika ukurasa wa benki. Kwenye mashine zetu mpya kinakwenda vizuri, kwenye kompyuta za zamani za watu, pwaa, kimezima. Tulitafuta kosa mpaka macho yakawa mekundu. Bwana Pyo akatuita, akasema tunaahirisha hadi mwakani, na kuhusu mwakani hawezi kutuahidi kitu. Nilikwenda chooni nikalia, sikufichi. Na kwa wakati uleule Saumu Mbichi akanyamaza. Hakuna tusi, hakuna figili. Tak mwanzoni alifurahi, akasema leo tunapumua. Mimi chakula kilinishinda. Tak akanitania kwamba nimempenda mzee wa watu.

Juzi, tuko kwenye chakula cha mchana, Tak akaja mbio, vijiti vya kulia bado viko mkononi. Saumu Mbichi ametuletea marekebisho! Ile sehemu ya programu inayoshughulikia benki tuliiweka wazi ili anayetaka aisome, naye aliisoma yote, kosa akaliona, akapaandika upya kwa mistari michache. Juu yake ameandika kwamba akili zetu ni tofu laini ya soya iliyomwagika, kwamba mwenye kompyuta kuukuu naye anahitaji kulipa bili zake, na kwamba tusijisifu, hakufanya hivyo kwa ajili yetu. Tuliiweka, tukajaribu kwenye mashine chakavu kuliko zote, na benki ikafunguka! Tak, yule mpole, alininyanyua juu juu. Bwana Pyo alisoma, akarudia kusoma, akakuna kipara, akasema haya, kesho kitoke.

Jana jioni tulikwenda kuchoma nyama. Bwana Pyo aliinua glasi kwa ajili ya Mzee Saumu, akasema angependa sana kumjua mtu huyo, ama amwajiri ama amnase kofi, bado hajaamua. Wote wakacheka. Mimi nikapaliwa na soju.

Sikuwaambia, Kaka. Nakuambia wewe: nakujua. Nilikujua tangu tusi la kwanza. Nani mwingine katika nchi hii nzima anatukana watu kwa mboga? Wewe uliyenifundisha kuandika programu nikiwa darasa la sita, kila nikikosea ukiniita kichwa cha figili, ulidhani nitakusahau? Nilikaa kimya kwa sababu ungejua kwamba ninasoma, ungeacha kuandika, na mimi sina njia nyingine ya kupata habari zako. Ukitukana asubuhi, najua umeamka. Ukitukana kwa kirefu, najua umelala vizuri. Uliponyamaza nilijua unaumwa, au limetokea jambo baya huko, na nilikata tikiti ya basi nije nisimame mlangoni kwako hata ukinifukuza. Kumbe ulikuwa umekaa unatafuta kosa letu.

Sasa usiniambie ulifanya kwa ajili ya wakulima tu. Na kama ni kwa ajili yao, sawa, njoo hivyo hivyo. Kampuni ilikuwa imeshaahirisha, Kaka. Kivinjari hicho umekileta wewe, kwa mkono wako, na kiapo chako umekimaliza mwenyewe. Chakula cha Mama ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, mchana. Sijamwambia kitu, nisije nikampa matumaini ya bure. Ukija, nitukane mbele ya ukoo mzima, nitaitika. Na kama hasira bado haijaisha, basi baki huko, lakini andika. Niite figili, niite kabichi, niite unachotaka. Ila usininyamazie tena, Kaka. Siwezi.

Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Nawatakia mavuno mema.

Ni mimi mdogo wako,
Gyu-ri