Mkasi Uliorudishwa Mara Tatu

Nyumbani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na goti lako je, limekubali ngazi? Sisi hatujambo. Baba bado anakohoa asubuhi, na bado anasema ni vumbi.

Tangu nimalize shule niko kwa Fundi, yule mama anayeshona sare hapa kona ya mtaa wetu. Kushona naweza. Kukata ndiko kulikonishinda, kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto. Mkasi wa pale nikiushika unatafuna kitambaa. Wenzangu wananiita Mashoto. "Mashoto, leo unakata shati au unakata tamaa?" Nacheka nao, halafu naenda kulia chooni.

Jumanne nilipita kwa mzee anayeuza vitu vilivyotumika. Chini ya pasi zisizo na nyaya palikuwa na mkasi mkubwa wa fundi.

"Huo sikudanganyi, mwanangu, ni mbovu," akasema. "Watu watatu wameununua, wote wameurudisha."

Nikautia mkono wa kushoto, nikakata gazeti alilofungia vikombe. Ukateleza kama maji. Mzee akakuna kichwa. "Kumbe wabovu walikuwa wale watatu."

Nikaununua, na tangu siku hiyo, Shangazi, namuwaza mwenyewe wa kwanza, mtu wa kushoto kama mimi. Pete ya mkasi ya kidole gumba imezungushiwa utepe wa bluu, ulioshonwa ukashonwa tena. Makali yamenolewa mpaka yamekuwa membamba. Mzee hajui ulikotoka. Ulikuja ndani ya sanduku la vijiko. Basi nimejiamulia: hakufukuzwa, wala hakuacha. Mtu anayenoa mkasi mara nyingi hivyo alikuwa na wateja, nao walivaa nguo zake bila kuuliza zimekatwa kwa mkono gani. Labda alikufa. Lakini alikufa akiwa fundi.

Jana nilikata kola nne kwa mkasi huo. Fundi akazilaza juu ya kipimo cha karatasi, moja moja, akatafuta kosa asilione. Halafu akalipata: "Kwangu hakuna kukata kinyume. Jumatatu njoo na mkono wa kulia, la sivyo kaa kwenu."

Unanijua, mbele za watu sauti yangu haitoki. Safari hii ilitoka. "Jumatatu nitakuja, Fundi. Na mkasi wangu."

Baba anataka niombe radhi. Sitaomba. Fundi akinifukuza, jikoni kwetu kuna meza ya kukatia.

Baba huyohuyo ndiye aliyeniambia kwamba nawe ulizaliwa hivi, na Bibi akakufunga mkono kwa kitambaa mpaka ukaacha. Sikujua. Naomba jambo moja tu: barua hii ijibu kwa mkono wa kushoto. Hata mistari mitatu, hata ikipinda kama njia ya mbuzi. Nitaibandika juu ya meza ninayokatia, popote itakapokuwa.

Nisalimie Mjomba, na yule mdogo wenu asiyetaka viatu. Mungu akulinde, na alikumbuke goti lako.

Akupendaye, na asiyebadili mkono,
Mwanao, Mashoto.