Mawese kwenye mlango wa gereji

Jumamosi, mwezi wa sita. Hapa Berea, Johannesburg, jua linawaka lakini halipashi kitu. Maji ya ndoo ya nje yameamka na ngozi ya barafu. Nimekasirika tangu asubuhi, na safari hii wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Wengine mnaosoma hapa hamjui kwetu. Tunapanga nyumba ya zamani nyuma ya maghorofa: mimi, binti yangu Riziki na mume wake Amani. Gereji haina gari. Riziki anashonea humo. Mlango wake ni wa chuma, wa kunyanyua juu, unapanda kwenye reli mbili kwa vigurudumu. Kabla baridi haijakolea lazima uutengeneze, la sivyo upepo unapita chini na mlango wenyewe unagoma.

Amani aliifanya kazi hiyo mwezi uliopita. Ni mlinzi wa usiku. Alirudi alfajiri, hakulala. Akakaza skrubu, akabandika mpira mpya chini, akafuta reli, akapulizia vigurudumu dawa ya kopo ya kulainisha. Kabla ya kupulizia alisoma maandishi ya kopo mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari.

Alipoingia kulala nikapitisha kidole changu kwenye kigurudumu. Pakavu.

Mafuta gani hayo yasiyoacha mafuta kidoleni?

Sikumwuliza. Kwetu Kalemie marehemu baba alikuwa anapaka mawese kila kitu kinacholia, bawaba za milango mpaka mnyororo wa baiskeli. Nikachukua chupa yangu ya mawese nikapaka vigurudumu, nikapaka reli juu hadi chini, bila uchoyo, kama napaka mtoto aliyetoka kuoga. Siku ile ya jua mlango uliteleza vizuri sana. Nikajisemea, mkwe wangu ni mtu mzuri lakini kazi hii haijui.

Sasa oneni ujinga wangu. Kila asubuhi ya baridi, nikitaka kupika sombe, yale majani ya muhogo, chupa hiyo hiyo naikuta imeganda kama sabuni. Naitia kwenye maji ya moto ndipo imiminike. Miaka yote nipo Johannesburg nafanya hivyo. Na bado sikufikiri! Tena siku hizi upepo unaleta vumbi, vumbi likakaa kwenye mafuta, baridi ya usiku wa kuamkia leo ikafunga vyote pamoja.

Leo saa moja asubuhi Mama Esta alikuja kuchukua nguo za harusi ya binti yake. Vitenge vya wamama na gauni la bibi harusi, vyote gerejini. Ibada saa tatu. Riziki akanyanyua mlango, ukapanda shubiri mbili ukakwama. Tukasukuma wanawake watatu. Wapi! Gauni lenyewe jeupe, lina mkia mrefu. Nani atalivuta chini ya mlango kwenye sakafu ile?

“Jamani, harusi ni leo, si Krismasi!” Mama Esta akapiga kelele, rola za nywele bado kichwani.

Ndipo Amani akaingia getini, ametoka kazini, macho mekundu. Na mimi nikamvamia kwa maneno. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. “Wewe ulitengeneza nini hapa? Uliubusu huu mlango? Unapuliza puliza marashi halafu unakwenda kulala!”

Kwetu mama mkwe hamfokei mkwe wake, na mkwe hambishii mama mkwe. Mimi nilivunja upande wangu. Yeye alishika wake.

“Nisamehe, mama,” akasema tu. Akaenda kuazima draya ya nywele kwa jirani mwenye saluni, akalala chali kwenye saruji ile ya barafu, akajipenyeza ndani na waya, akaanza kupulizia reli hewa ya moto.

Nikainama kuchungulia, nitafute la kumwongezea. Nikaona reli inachuruzika wekundu. Amani akaligusa tone, akanusa kidole. Halafu akanitazama mimi.

Akavuta mkono wa koti lake la kazi akafuta reli, akafuta na sakafu, haraka haraka, kabla watu wa nje hawajaona. Mlango ukapanda. Gauni likatoka safi. Bibi harusi hakuchelewa.

Lakini harusini Mama Esta alikuwa anawachekesha watu kila meza: mume wa Riziki nusura amfungie bibi harusi gauni. Riziki aliinamia sahani yake. Nyumbani hakuzungumza na mume wake, alimwekea tu chai mezani na kuondoka. Nami nilikuwepo, na mdomo wangu wote huu, nimenyamaza.

Jioni, kabla hajaondoka kwenda kazini, nilimfuata Amani uani. Nikaanza: “Mkwe wangu, ule mlango...” Akanikatiza kwa upole, mikono miwili kifuani. “Mama, mlango si umefunguka? Yamekwisha.” Akavaa koti. Doa la mawese lile pale mkononi, nililisugua kwa sabuni tuliporudi harusini na halikutoka. Koti analo moja tu, na mkubwa wake ni mtu wa kukagua nguo.

Eish, inaniudhi! Umemkosea mtu, unakuja kuomba radhi, na yeye anakuheshimu mpaka hakupi nafasi.

Nimekaa kwenye kochi naandika herufi moja moja, herufi zenyewe nimezijua uzeeni. Yeye ameamini karatasi ya kopo, mimi nimeamini kidole changu. Hilo linasameheka. Lakini kuona mtu amebeba aibu yangu, na kumwacha aibebe mpaka kwa mke wake?

Riziki nimemwita sasa hivi nikamweleza yote. Amelia, kisha amenikasirikia, ni haki yake. Lakini waliosikia kelele zangu ni wengi kuliko Riziki.

Kesho kanisani wakiita wenye ushuhuda, nitasimama. Mama Esta hukaa kiti cha pili mbele. Amani atataka kuniheshimu, atanifanyia ishara nikae. Sikai. Nitasema mlango niliuharibu mimi, na nitalisema kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo.