Jalada Lenye Picha Moja

Chicago, 9 Mei 1906

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua kwenye ngazi za kanisa? Sisi hatujambo. Mke wangu Idella anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka jikoni, hata majirani wamekwisha kujua kuwa ninakuandikia.

Mama, wimbo wangu umechapishwa! Kaa kwanza nikusimulie, maana nusura usichapishwe.

Bwana Strickland, mchapishaji, aliupenda alipousikia tu, akanipeleka kwa mchoraji wake wa majalada ya karatasi za nyimbo, Mzee Lindner, Mjerumani mwenye mvi. Unayajua majalada yale unayoyachukia: juu Mzungu mwimbaji kavaa koti la mkia, safi kabisa, chini ni yeye huyohuyo kajipaka masizi, macho kodo, midomo kama soli ya kiatu, eti ndio sisi Weusi. Basi nami nikaazima koti la shemeji Horace, likinibana kwapani, nikakaa. Mzee akanichora, Mama, nikatoka mtanashati hadi nikajionea wivu.

Alipomaliza akanisogezea kikopo cha masizi bila kuinua macho, akaniambia nijipake, tufanye picha ya pili. Nikamwuliza, "Nijipake nifanane na nani, mzee?" Akanitazama. Akakitazama kikopo. Akanitazama tena. Weee! Tulicheka hadi mbavu zikauma. Alikiri kwamba miaka yote aliyofanya kazi ile hajawahi kujiuliza.

Bwana Strickland alipoingia hakucheka. Alisema bila picha ya masizi hakuna mnunuzi, na kwamba itachorwa hata nisipokaa. Nikamwambia wimbo ni wangu na sura ni yangu. Akasema basi niondoke navyo vyote viwili. Nikakunja karatasi zangu nikatoka, na sikufichi, njiani nilijiuliza: Mchapishaji mwingine ningempata wapi? Lakini Idella aliposikia alisema ningekubali angenifungia nje nilale na paka.

Jumapili, hodi! Mzee Lindner huyo mlangoni, picha yangu kwapani. Alisema ameichora vizuri mno, hawezi kuiacha ioze. Tukaipeleka pamoja na wimbo kwa Bwana Tolliver, anayechapa ratiba za ibada za kanisa letu, naye akaona fahari kuvichapa. Sasa nakala imetundikwa dirishani kwa kinyozi, mtaa wa State. Jana mama mmoja wa kwaya kanisimamisha: "We Lucius, kumbe una sura!" Nimefurahi, Mama, nashindwa hata kula.

Watu wananiita shujaa. Wewe nakwambia kweli. Asubuhi ile ile, kabla sijaenda kuchorwa, Idella alikuwa amenipasha habari kwamba ni mjamzito. Bwana Strickland akiongea, mimi nilikuwa namwona mtoto kasimama mbele ya kinanda chetu, kidole juu ya jalada, ananiuliza, "Baba, wewe ni yupi?" Ndiyo maana niliondoka.

Nakala yako imo humu. Tafadhali uje Novemba umpokee mjukuu. Wasalimie wote, ila Shangazi Zipporah usimwambie kabla ya Jumapili, tutakapomwambia baba mkwe, la sivyo Vicksburg nzima huko kwenu itajua kabla yake.

Mimi mwanao, na karibuni baba wa mtu,

Lucius