Mwanangu Anakuja Mapema

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo, mimi na cherehani yangu, ila sote tunakohoa. Mwanangu atafika kwako Jumamosi, angojee kujifungua hospitali kubwa ya huko. Najua ulisema aje mimba ikitimiza miezi tisa, maana una chumba kimoja tu. Mpokee hivyo hivyo. Godoro langu nimempa, atakuja nalo.

Jana aliniuliza, "Mama, unanifukuza?"

"Ndiyo, unanimalizia sukari."

Akacheka kama dada yake.

Dada yake naye tulipanga asafiri mwezi wa mwisho. Uchungu ukamwanza mapema, akatufia njiani.

Huyu akikuuliza mbona nimemharakisha, mwambie naogopa mvua itaharibu barabara. Usimtaje marehemu. Kulia nitalia mimi, basi likishaondoka.

Dada yako