Nimeukondesha Mwili Uliojua Kusukuma

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nimejaribu kujishauri mwenyewe nikashindwa, na nyumbani kila mtu ameshaamua ninaumwa nini, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unikaripie.

Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja huku Newala, kwetu ni Mkunya, nimeposwa na kijana wa Nanganga aitwaye Benjamin, na tangu chuo kikuu nacheza raga, ile ya watu kumi na tano, na nafasi yangu ni mstari wa mbele kabisa kwenye skramu, pale wanane wanapofungamana mabega na kusukumana na wanane wa upande wa pili kugombea mpira. Nilikuwa na kilo themanini na sita na sikuzionea aibu, maana hata kocha wa chuo aliponiuliza shingo na mapaja haya nimeyafanyia mazoezi wapi nilimjibu ni ndoo, nimepandisha maji kutoka bondeni tangu darasa la pili, akacheka akasema basi timu nzima ihamie kwenu.

Mwezi wa tatu alinipigia simu Pendo, tuliyecheza naye chuoni na sasa ni kocha. Anaunda timu ya wanawake ya raga ile nyingine, ya watu kumi na tatu, majaribio ni Dar es Salaam mwezi wa saba, na anatafuta wachezaji wa mbele. "Ila huku skramu ni salamu tu, mwalimu," akasema. "Huku ni mbio. Ukimwangusha mtu unarudi nyuma mita kumi, unakuja tena, unamwangusha tena. Huo mzigo wako utauweza?" Alikuwa ananitania, Mshauri, lakini mimi sikucheka.

Nilichukua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto wachezaji wa mbele wa kumi na tano, kulia wa kumi na tatu, nikasoma kila nilichokipata na kutazama mechi kwenye simu mpaka bando likaisha. Nikaona kwamba wale wa kushoto hawafanani, wapo wafupi wanene kama mimi wa kuishika skramu, wapo warefu wa kunyanyuliwa juu kudaka mpira unaorushwa kutoka pembeni, na kwa jumla ni wazito zaidi, wanasukuma, wanakamatana, kisha wanapata nafasi ya kuvuta pumzi. Wale wa kulia wako sita tu na wanakaribia kufanana kama ndugu wa tumbo moja, misuli mingi, mafuta machache, na mapafu yasiyochoka upesi. Nikajilinganisha kiungo kwa kiungo, kiuno, mapaja, mapigo ya moyo baada ya kukimbia, na kila mara nilijikuta kushoto. Ndipo nikaamua kuuvuka ule mstari kwa kuacha kula. Asubuhi uji usio na sukari, jioni kipande cha muhogo, na katikati mbio kabla ya vipindi na baada ya vipindi, na sasa nina kilo sitini na saba.

Unajua huku kwetu msichana akipungua hakuna anayefikiria michezo. Alikuja shangazi yake Benjamin, Mama Dorika, nikiwa jikoni nikamsikia anamwambia mama yangu, "Mama Marko, sisi tulimposa mtoto mzima. Mbona sasa amekauka kama makopa ya muhogo juu ya bati?" Mama akasema labda ni kazi ya kufundisha. "Kazi ya kufundisha inamnenepesha mwenzake Devotha," akajibu shangazi. "Hatusemi kitu, jamani. Tunauliza tu." Nikapelekwa kupima virusi vya ukimwi. Majibu yakatoka mazuri, na Mama Dorika akasema kama si hilo basi lipo jingine, harusi isubiri msimu wa korosho upite. Na jingine wamelipata, kwa sababu nina miezi mitatu sijaona siku zangu, mama ameshagundua, haniulizi, ila ananitazama tumbo ninapoinama kufagia. Kwa hiyo mimi mmoja nina ugonjwa kwa watu wa Nanganga na nina mimba kwa mama yangu. Benjamin aliniuliza mara moja tu, "Unaumwa nini?" nikamwambia siumwi, na la daftari sikulisema, ningemwambiaje kwamba mwalimu wa baiolojia anajinyima chakula kwa makusudi.

Wiki iliyopita nilikuwa nawafundisha wasichana wa shule kusukuma, nikafungamana bega na Shakila wa kidato cha tatu, mtoto mwembamba ambaye zamani nilikuwa namzuia kwa mkono mmoja, akanirudisha nyuma hatua nne na nikakaa chini. "Madamu, umeteleza?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, nimeteleza. Uwanja ulikuwa mkavu. Siku ya pili nikasema angalau nitakuwa na mbio, nikajaribu mazoezi aliyonitumia Pendo, mzunguko wa nne macho yakaingia giza.

Kusukuma siwezi tena na kukimbia bado siwezi. Mwili niliokuwa nao nimeumaliza na ule niliouandika daftarini haujaja, nikijitazama naona mtu ambaye hana timu, hana mchumba wa kweli, na siku nyingine nafikiri hata mimi mwenyewe simo humo ndani. Majaribio ni baada ya wiki tatu. Je, nipunguze kilo zilizobaki niende, au niache kila kitu?

Ni mimi, nisiye wa kushoto wala wa kulia,
Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sasa nakukaripia.

Umesoma vizuri, umelinganisha vibaya. Wale wa upande wa kulia hawakukonda ndipo wakakimbia. Walikimbia miaka mingi huku wanakula wakashiba, na mwili ukafuata kazi. Wewe umetaka mwili uje kwanza, tena uletwe na njaa. Njaa haichambui, inakula mafuta na misuli sahani moja. Mwanafunzi akikuletea jibu kama lako kwenye mtihani, utampa alama ngapi? Na bila shaka wengi uliowaandika daftarini ni wanaume ambao raga ndiyo ajira yao, wana mpishi na daktari. Wewe unatoka kwenye vipindi saba unakwenda kulala na kipande cha muhogo.

Shangazi amekosa adabu, hilo nakupa. Kupimwa kwa sababu ya maneno ya mkekani kunauma. Lakini wewe ndiye uliyenyamaza, na ukinyamaza watu watajaza wenyewe.

Sasa fanya hivi. Kesho nenda hospitali, na usimwambie daktari kwamba umechoka tu. Mwambie umepunguza kilo kumi na tisa kwa kujinyima, siku zako zimekoma, na umeona giza ukikimbia. Mwambie pia lile la kujiona haumo ndani yako. Hilo ndilo limenitisha kuliko mengine. Mpaka akuruhusu, hakuna mbio.

Ukirudi, kaa na mama yako umweleze mwenyewe, maana mama anayehesabu miezi kimya kimya naye halali. Benjamin mpe daftari alisome. Akikataa mke anayecheza raga, ni heri akatae sasa.

Mpigie Pendo. Muulize swali ambalo hukumuuliza siku ile: anataka mtu mwembamba, au anataka mtu wa kumfundisha mbio polepole akiwa na nguvu zake? Sijui atajibu nini na sikuahidi kwamba atakungoja. Mwili wako nao unaweza usirudi kama ulivyokuwa. Hayo nakwambia kwa sababu wewe ni msomi na ungeyajua tu.

Majaribio ya mwezi wa saba huendi. Najua ndilo ulilokuwa unaliogopa katika barua nzima, na najua utalia ukifika hapa. Lia kwanza. Kisha ule.