Nguzo za Mji wa Iram

Mjukuu wangu Hadija,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi hapa Vihingo hatujambo, na mama yako anavuna muhogo. Umeuliza mji wa Iram, ule wa nguzo ndefu uliotajwa katika Kurani, ulikuwa wapi.

Enzi za Mwingereza, Zaituni, binti wa shangazi yangu, aliolewa Dutumi na mfanyabiashara mwenye nyumba ya mawe yenye nguzo nne barazani. Mimi niliolewa hapa hapa, nyumba ya udongo. Nilimwonea wivu. Siku alipokuja kututembelea, nilimwuliza babu yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, swali lako hilohilo.

"Wengine husema uko chini ya mchanga wa Arabuni," alijibu. "Hakuna ajuaye. Watu wake walijivunia nguzo wakamsahau aliyewapa."

Nilimgeukia Zaituni, nimefurahi moyoni. Yeye alikuwa akimtazama mwanangu mapajani mwangu.

"Nipe nimpakate kidogo," alisema. Hakuwa amejaliwa mtoto.

Alivyomkumbatia, nikajua kwamba miaka yote ile na yeye alinionea wivu. Nguzo zake niliendelea kuzitamani, lakini sikuharakisha kumchukua mtoto.

Nisalimie wenzako.
Bibi yako, Mwanahawa