Sabiri kanitafsiri

Tunu, niko chooni kwa wakwe. Nakufa.

Tulikuwa sebuleni, mama mkwe kakaa katikati, tunaangalia filamu ya mapenzi, ile ya kuchekesha, dada wa Kizungu kaenda likizo Italia. Mume wangu Nassibu kaileta kwenye flashi, imetafsiriwa. Unajua DJ aliyetafsiri ni nani? Sabiri! Ex wangu!

Yule dada kampa jina Zamda. Zamda wa Cheyo, mtaa wetu kabisa! Mama mkwe akacheka, "Wajina wako huyo."

Dada akamwacha mpenzi wake, mhudumu wa hoteli. Sabiri akabana sauti kama yangu: "Siolewi na mtu anayekula kwa kuwasemea Wazungu kwenye filamu." Maneno yangu yale yale, siku ile namwacha!

Wote walicheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mwishoni tajiri anamvisha pete. Sabiri: "Simpendi huyu, ila ana duka la vitenge sokoni."

Duka la Nassibu, Tunu! Nilimwambia Sabiri mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!

Nassibu hakucheka. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Nikakimbilia huku.

Sasa namsikia mama mkwe: "Mwanangu, hebu rudisha tena hapo kwenye duka. Ongeza sauti."